Kwa Mwenye Nchi

Mwaka jana mwalimu wa historia wa sekondari moja ya Tabora aliniomba niwapangie wanafunzi wake ziara ya siku moja. Nilikuwa nyumbani nikikusanya taarifa za tasnifu yangu ya uzamili kuhusu njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita kwetu na kuendelea hadi Ujiji. Niliona kazi rahisi. Tungekwenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho.

Nilimsomea bibi ratiba. Akauliza, "Na kwa mwenye nchi hamwendi? Mgeni hapiti bila kumwamkia mtemi, mjukuu wangu."

Nilikosa jibu. Mwaka mzima nilikuwa nasoma habari za wapita njia, na ratiba yangu nayo ilikuwa ya wapita njia.

Mwishoni mwa karne ya 19 mwenye nchi alikuwa Isike, Mtemi wa Unyanyembe. Alidai misafara imlipe hongo, neno ambalo wakati ule lilimaanisha ushuru wa njia. Makao ya mtemi kwa Kinyamwezi ni ikulu, na Wajerumani waliiandika ngome yake "Quikuru", yaani kwikulu, penye ikulu. Mwaka 1892 waliishambulia wakashindwa. Januari 1893 Tom Prince alirudi na kuivunja. Isike hakutaka kushikwa. Aliwasha ghala la baruti akiwa ndani.

Kwa hiyo nyumba aliyolala mgeni tunaweza kuitembelea. Ya mwenyeji ililipuka.

Nilibadilisha ratiba. Kabla ya Kwihara tulisimama upande ilikokuwa ngome, nikawasimulia. Kijana mmoja alitazama huku na huku, akasema, "Samahani kaka, sasa hapa tunaangalia nini?"

Nikamuuliza makazi ya Rais, kule Magogoni na Chamwino, yanaitwaje.

"Ikulu."

"Hilo neno limetoka kwenu," nikamwambia.

Alinyamaza kidogo, kisha akalirudia polepole, kwa matamshi ya kwao, kama anavyolitamka bibi. Wenzake wakacheka, naye akacheka. Ndipo tukapanda basi kwenda kuona nyumba ya mgeni.