Kigingi na Kambi katika Njia za Ufipa

Historia ya misafara ya karne ya 19 imezoea kutupa majina ya wenye hema. Twajua nani alilala ndani, aliandika nini jioni, na ziwa gani alilipa jina asubuhi yake. Ni nadra kuambiwa nani aliyelisimamisha hema lile, na nani aliyeling'oa kabla ya jua kuchomoza. Katika insha hii tutaitazama kazi hiyo ya kukaza na kung'oa vigingi, tukichukua mfano wetu Ufipa. Maana katika kazi ndogo kama hii utamaduni wa watu wetu huonekana wazi kuliko katika sifa kubwa kubwa.

Tuanze na nchi yenyewe. Kate iko katika Wilaya ya Nkasi, kaskazini mwa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa. Upande wa magharibi nchi hushuka kuelekea Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki huteremka kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Sehemu kubwa ya uwanda huu ni mbuga za nyasi zenye miti michache, na mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi ya kiangazi usiku huwa baridi, na upepo hauna kizuizi. Kwa hiyo msafiri aliyefika hapa alikabiliwa na mambo matatu kwa pamoja: upepo wa kukiinua kibanda chake, ardhi kavu iliyokataa mti, na uhaba wa miti ya kukata.

Makao ya msafara yalikuwa ya namna mbili. Wapagazi walijijengea vibanda vya fito na nyasi, na penye hatari ya simba au ya maadui walizungusha boma la miiba. Mara nyingi vibanda hivyo viliachwa vikatumiwa na msafara uliofuata. Lakini hema la tajiri au la mgeni wa Ulaya lilikuwa mzigo. Mpagazi mmoja alichukua ratili 60 hadi 70, na kitambaa, nguzo, kamba na vigingi vyote vilihesabiwa katika mizigo. Kibanda kiliweza kuachwa nyuma, hema halikuachwa. Hivyo aliyelisimamisha jioni alijua kwamba alfajiri angelazimika kuling'oa, na kazi ya pili ilitegemea jinsi alivyoifanya ile ya kwanza.

Kigingi hakipigwi wima. Hulazwa kidogo, kichwa chake kikielekea mbali na hema, ili kamba ikivutwa na upepo isiteleze juu wala isikichomoe. Kamba huifunga karibu na ardhi, kwa kuwa ikifungwa juu humpa upepo nguvu ya kukitikisa kigingi mpaka tundu lipanuke. Upande unaotoka upepo ndio hukazwa kwanza. Tena kamba za nyuzi za mimea, kama zile za kumbi zilizotoka pwani, hujikaza zinapolowa maji. Mwenye ujuzi huzilegeza kidogo kabla ya mvua au umande mzito. Asiyejua huamka na kukuta vigingi vimeng'oka au kitambaa kimechanika.

Kung'oa nako kuna elimu yake. Mtu mwenye haraka huvuta kwa kamba, akakata kamba, au hupiga teke kichwa cha kigingi, akakivunja ndani ya ardhi. Fundi hukigonga taratibu kushoto na kulia mpaka udongo ulegee, kisha hukivuta kwa mstari uleule kilioingilia. Kikizidi kukataa, hutia kitanzi cha kamba shingoni mwake, akapitisha kijiti ndani ya kitanzi, akainua kwa mikono miwili. Katika nchi yenye miti mingi kigingi kilichovunjika ni hasara ndogo. Katika mbuga za Ufipa, mahali pa kukata kingine huenda pakawa mbali. Na msafara wenye vigingi vichache kuliko jana utalala vibaya kuliko jana.

Ujuzi huu si wa Ufipa peke yake. Kaskazini mwa Kenya, pembezoni mwa jangwa la Chalbi, Warendille na Wagabra huhama na nyumba zao juu ya ngamia. Nyumba hizo ni fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka na ngozi, na wanawake ndio wanaozijenga na kuzibomoa, kama ilivyo kwa Wasomali wafugaji. Penye mchanga mtupu kigingi hakishiki hata kikipigwa kwa nguvu gani. Hapo wasafiri wa majangwa hufunga kamba kwenye gogo, jiwe au mfuko wa mchanga, wakaufukia na kuushindilia. Uzito wa mchanga hufanya kazi ambayo udongo mgumu wa Ufipa huifanya kwa kukibana kigingi. Ardhi ni tofauti, lakini fikira ni moja: mwanadamu huiuliza ardhi itashika nini, ndipo akachagua njia.

Sasa tuutazame msafara mmoja. Tarehe 1 Mei 1873 David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Siku chache kabla, watu wake walikuwa wamemjengea kibanda huku mvua ikinyesha, wakakiinua kitanda chake kwa fito na nyasi kisiguse maji. Alipokufa, Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, waliamua kuuchukua mwili hadi pwani. Walijenga ua imara wa miti, wazi juu ili jua liingie, na ndani yake mwili ukakaushwa bila kufikiwa na wanyama. Jacob Wainwright alichonga maandishi kwenye mti. Kabla ya kuondoka walisimamisha nguzo mbili nene na mti wa kukingama juu yake, mfano wa mlango, wakazipaka lami.

Tunaona hapa watu walewale wakifanya kazi mbili zinazopingana. Vigingi vya kila usiku walivipiga ili wavitoe. Nguzo za Chitambo walizisimamisha zisitoke kamwe. Walijua tofauti ya makao na ukumbusho, na kila kimoja walikipa ujenzi wake.

Wakarudi kwa njia ya Ufipa. Mwaka uliotangulia walikuwa wameteseka katika milima ya kando ya Ziwa Tanganyika. Safari hii walishika nchi ya juu, mbali na ziwa. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, na Februari 1874 wakawa Bagamoyo. Mwili ulizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Mwaka 1880 Chuma alipita Ufipa tena, akiwa kiongozi wa msafara wa Joseph Thomson. Thomson alilipa Ziwa Rukwa jina la Leopold. Jina hilo limetoweka, na wenyeji wanaendelea kuliita Rukwa.

Msafara haukuishi kwa ujuzi wake peke yake. Uliishi kwa chakula na ruhusa ya wenyeji. Wafipa walikuwa wakulima, na tena wafua chuma mashuhuri walioyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo, kazi iliyokuja kuachwa katika karne ya 20. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kambi iliyopigwa karibu na shamba la mtu ilikuwa mgeni wa siku mbili. Ilipasa iondoke kabla haijawa mzigo, na iache ardhi inayolimika.

Baadaye ukoloni uliigeuza kazi hii kuwa shuruti. Katika vita vya 1914 hadi 1918, majeshi ya Waingereza yaliingia kusini mwa Ufipa na kuitwaa Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg na Wajerumani, mwezi Juni 1916. Pande zote mbili ziliwatwisha Waafrika mizigo yao, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Mikono ya wapagazi wa hiari na ya waliolazimishwa ilifanya kazi ileile. Kilichopotea ni haki ya kuchagua safari na kudai ujira.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha habari za wasafiri wa Ulaya asiishie kwenye ramani na majina ya maziwa. Awaulize wanafunzi: nani alipiga kigingi, ardhi ilikuwaje, kamba ilitoka wapi, na asubuhi nani alibaki nyuma kuvihesabu? Wakijibu maswali hayo watakuwa wameanza kuisoma historia ya wapagazi wenyewe. Alama za vigingi vyao hazionekani tena katika mbuga za Ufipa, kwa sababu walioving'oa waliijua kazi yao.