Vita Viliisha, Mateka Wakabaki Kenya

Ukiteremka Bonde la Ufa kwa barabara ya zamani ya Naivasha, karibu na Mai Mahiu utaona kanisa dogo la mawe kando ya njia. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa kivita wa Kiitaliano, ambao pia walitumiwa kuchonga barabara hiyo ubavuni mwa bonde. Wasafiri wengi husimama hapo, wakapiga picha na kuendelea na safari. Ni wachache wanaouliza wajenzi wale walirudi kwao lini.

Walitekwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilipoisambaratisha himaya ya Italia katika Ethiopia na Somalia, huku askari wa Kiafrika wa King's African Rifles wakiwa mstari wa mbele. Addis Ababa ilitwaliwa Aprili 1941, na Gondar, ngome ya mwisho, ikasalimu amri Novemba. Makumi ya maelfu ya Waitaliano waliletwa Kenya, wakafungiwa ndani ya seng'enge Nanyuki, Gilgil, Londiani na kwingineko. Kamanda wao mkuu, Amedeo, Mtawala wa Aosta, hakuiona tena Italia. Alifariki kwa maradhi jijini Nairobi Machi 1942, akiwa mateka, akazikwa Nyeri.

Mfungwa wa mahakama huhesabu siku zake. Mateka wa kivita hana cha kuhesabu, na hilo ndilo lililowatesa. Januari 1943, mmoja wao, Felice Benuzzi, na wenzake wawili walitoroka kambi ya Nanyuki ili waupande Mlima Kenya. Vyuma vya kukanyagia barafu walikuwa wamevitengeneza kwa siri kutokana na vyuma chakavu, na picha ya mlima iliyobandikwa kwenye mkebe wa nyama iliwasaidia kupanga njia. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya Italia. Kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao, wakaadhibiwa kwa kufungiwa peke yao.

Septemba 1943 Italia ilisalimu amri, na mwezi uliofuata ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani. Hata hivyo, mateka wake hawakufunguliwa. Meli zilikuwa adimu, na nguvu kazi yao bado ilihitajika. Benuzzi alirudi kwao mwaka 1946, na wenzake wengi walirejeshwa miaka hiyohiyo ya baada ya vita.

Sheria yenyewe ilikuwa na mwanya. Mkataba wa Geneva wa 1929 uliwahakikishia mateka kurudi baada ya amani kufungwa rasmi, na mkataba wa amani na Italia ulitiwa saini Februari 1947. Ndiyo maana kifungu cha 118 cha Mkataba wa Geneva wa 1949 kinaagiza mateka waachiwe na kurejeshwa bila kuchelewa mara mapigano yanapokoma, bila kusubiri wanasiasa wakubaliane.

Agizo hilo bado linapuuzwa. Katika Sahara Magharibi mapigano yalisitishwa mwaka 1991, lakini wanajeshi 404 wa mwisho wa Morocco waliokuwa mikononi mwa Polisario, kundi linalopigania uhuru wa eneo hilo, waliachiwa Agosti 2005. Wasuluhishi wanaoandika mikataba ya kusitisha vita leo waandike humo humo tarehe ya mateka kuachiwa, chombo kitakachowasafirisha na nani atakayesimamia. Mateka asiachwe kuwa karata ya mazungumzo yajayo.