Umeme Kutoka Joto la Bahari: Jaribio la Georges Claude

Ukitaja nishati jadidifu, wengi wetu tunakimbilia jua, upepo na maporomoko ya maji. Ila kipo chanzo kingine ambacho watu walikitolea jasho karibu miaka 100 iliyopita: tofauti ya joto ndani ya bahari.

Hebu fikiria. Kwenye tropiki, maji ya juu ya bahari yana nyuzi 25 au zaidi. Shuka mita 1,000 chini, unakuta nyuzi 4 au 5 tu. Mwaka 1881 Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval alisema tofauti hiyo inaweza kuendesha mtambo. Rafiki yake Georges Claude, yule wa taa za neoni, akaamua kujaribu kwa vitendo, tena kwa fedha zake mwenyewe.

Sasa utauliza, maji ya nyuzi 25 yatachemkaje? Ukinyonya hewa kwenye tangi mpaka kanieneo ishuke sana, maji hayo yanachemka bila moto. Mvuke wake unazungusha turbini, kisha unapozwa na maji baridi yaliyovutwa kutoka kilindini na kurudi kuwa maji. Kanieneo inabaki chini, mvuke mwingine unafuata.

Kazi ngumu ilikuwa kuyapata hayo maji baridi. Huko Matanzas, Kuba, Claude alipoteza mabomba kabla ya kufanikiwa kulaza moja la urefu wa takriban kilomita 2. Mwaka 1930 mtambo ukatoa kilowati 22. Tatizo ni kwamba pampu zake zilikula umeme mwingi kuliko huo! Baadaye dhoruba ikaliharibu bomba. Mwaka 1935 alijaribu tena kwenye meli, karibu na Brazili. Bahari ikamshinda.

Je, wazo lilikuwa bovu? Hapana. Tofauti ya nyuzi 20 kinadharia inakupa ufanisi wa kama asilimia 7 tu, hivyo lazima usukume maji mengi sana, na pampu ndizo zinazoamua faida au hasara. Mwaka 1979, kwenye jahazi la majaribio huko Hawaii, hatimaye umeme ulibaki baada ya pampu kuchukua wake. Mwaka 2015, hukohuko Hawaii, mtambo wa kilowati 100 ukaunganishwa kwenye gridi.

Kwa nini ujali? Jua likizama, paneli zinalala. Bahari haipoi usiku mmoja, kwa hiyo mtambo huu unaweza kufanya kazi saa 24. Kikwazo kikubwa bado ni kilekile cha Claude: bomba refu, nene, la bei nafuu, linalohimili dhoruba. Wewe unayesoma uhandisi, hapo pana kazi.