Mbao za Fundi Mchanga Mjini Kigali

Kijana anayeanza kazi ya useremala mjini Kigali hukutana na swali moja kabla hajashika randa: mbao atazipata wapi kwa bei anayoiweza? Msumeno huweza kuazimwa, na nyundo vilevile, lakini ubao hauazimwi. Ukikatwa umekatwa, na makosa ya mwanafunzi hulipiwa kwa fedha taslimu. Tumewaona vijana wenye mikono myepesi wakiacha kazi hii mapema, si kwa kukosa akili wala bidii, bali kwa sababu mbao tatu za kwanza ziliharibika na hawakuwa na fedha za kununua ya nne. Katika makala haya tunakusudia kulifuata swali hilo nyuma katika historia, maana tunaamini kwamba ajuaye ubao umetoka wapi atajua pia pa kuutafuta.

Zamani za wafalme wa Rwanda swali hili halikuwapo. Nyumba ilijengwa kwa fito, matete na nyasi, na mlango ulisukwa. Mti ulichongwa, haukupasuliwa: mchongaji alichukua gogo zima akatoa ndani yake chombo cha maziwa kiitwacho icyansi, au kiti, au ngoma. Kazi hiyo huitwa kwa Kinyarwanda kubaza, na aifanyaye ni umubaji. Jirani zao Waganda nao husema omubazzi. Sisi walimu wa lugha twaweza kuisoma historia katika maneno yenyewe. Neno la kuchonga ni la wenyeji, tena la zamani sana katika lugha za Kibantu; neno imbaho ni ndugu wa damu wa mbao zetu. Lakini msumari ni umusumari, dirisha ni idirishya, na meza ni ameza. Maneno haya yaliingia Rwanda pamoja na vitu vyenyewe, na njia waliyoipitia wenye kuvileta ilikuwa njia ya Kiswahili.

Mapadri wa kwanza wa Kikatoliki walifungua misheni yao Save mwaka 1900. Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt alifanywa mwakilishi wa utawala wa Kijerumani katika Rwanda, akajenga makao yake juu ya kilima cha Nyarugenge, na hapo ndipo mji wa Kigali ulipoanzia. Majengo ya namna mpya, yaani kanisa, boma, duka na ghala, yalitaka milango ya mbao, fremu za madirisha na mapaa. Pamoja na askari na wafanya biashara walifika watu wa pwani na wa bara la Tanganyika, Waislamu wenye kusema Kiswahili. Msikiti wao wa kwanza mjini ulijengwa Nyamirambo mwaka 1913. Baada ya Wabelgiji kuchukua nchi mwaka 1916, watu hao walitengewa mtaa wao, Biryogo, na kutoka humo kulihitaji ruhusa. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na watoto wa Kiislamu hawakuziingia kwa urahisi. Wengi basi walishika biashara, udereva na kazi za mikono. Hadi leo neno umuswahili mjini Kigali hutumiwa mara nyingine kwa dharau, kwa maana ya mjanja wa mjini asiyeaminika. Wanaolitumia hivyo husahau kwamba fundi wamwitaye kuja kuwajengea humwita umufundi.

Sasa turudi kwenye mti wenyewe. Misitu ya asili ilikuwa mbali na Kigali, katika milima ya magharibi: Nyungwe, Gishwati na Mukura. Vilima vilivyouzunguka mji vilikuwa vya malisho na mashamba. Wamisionari na watawala wa kikoloni walileta mikaratusi mwanzoni mwa karne ya 20, na Wanyarwanda wakaiita inturusu. Ni mti ukuao upesi, na ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha watu kuupanda juu ya vilima, na katika muongo wa 1930 ulianzisha bustani ya miti ya Ruhande, karibu na Butare, ili kujaribu aina mbalimbali za miti ya kigeni na kuona ipi ingestawi nchini. Watu hawakuipenda kazi ya shuruti, na hatuwezi kuwalaumu. Hata hivyo miti hiyo iliyopandwa kwa kulazimishwa ndiyo iliyokuja kuwa mbao za maskini, na bila hiyo sijui, au tuseme hatujui, fundi mchanga wa Nyamirambo angepasua nini.

Kwa miaka mingi mbao nzuri zilitoka katika misitu ya asili. Wapasuaji wawili walilaza gogo juu ya jukwaa au juu ya shimo. Mmoja alisimama juu akiongoza msumeno mrefu, mwenziwe chini akiuvuta na kupokea unga wa mbao machoni. Uliotafutwa zaidi ni umuyove, mti mkubwa wa ukoo wa mkangazi, ambao mbao zake ni nyekundu na hupendeza zikipigwa randa. Kazi hiyo iliula msitu. Gishwati uliharibiwa zaidi, kwanza kwa miradi ya malisho na miti ya kigeni katika miaka ya 1980, kisha kwa makazi ya watu waliorudi nchini baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, hata mwanzoni mwa karne hii ulikuwa umebaki na hekta 600 hivi. Nyungwe ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na Gishwati na Mukura zikaunganishwa kuwa hifadhi moja mwaka 2015. Mlango huo basi umefungwa, na ni haki ufungwe. Anayemnong'oneza kijana kwamba anao umuyove wa Nyungwe wa bei ndogo anamwuzia kesi, si ubao. Mbao nyekundu zinazoonekana sokoni leo chini ya jina la libuyu hutoka Kongo, na bei yake ni ya mafundi waliokwisha kupata wateja.

Kilichojaza pengo hilo ni miti ya kupandwa. Serikali ya Rwanda ilianzisha siku ya kitaifa ya kupanda miti katika miaka ya 1970, wakati uleule umuganda, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, ulipofanywa wajibu wa kila mwananchi. Waswisi walisaidia upandaji wa misitu Kibuye, na misonobari ikapandwa kuizunguka Nyungwe kama ukingo wa kuulinda msitu wa ndani. Wakulima nao walipanda gereveliya kandokando ya mashamba, maana haigombani sana na mazao. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba misitu imefikia asilimia 30 ya nchi. Sehemu kubwa sana ya misitu iliyopandwa ni inturusu, na mashamba mengi ya miti ni madogo, mali ya wakulima wenyewe.

Soko la mbao la Kigali lajulikana kwa jina la Gakinjiro. Karakana za zamani zilikuwa karibu na katikati ya mji. Baadaye mafundi walihamishiwa Gisozi, ng'ambo ya bonde, ambako vyama vyao vya ushirika vimejenga majengo ya ghorofa. Msumeno wa umeme, duka la gundi, muuza misumari na mpiga rangi wote wako hatua chache kutoka kwa mwenzao. Moto umezuka huko zaidi ya mara moja na kuteketeza mali za watu, jambo lisilostaajabisha mahali penye maranda mengi hivyo. Mgeni akifika huoneshwa kwanza zile mbao zilizo ghali. Hana budi kujua majina na tabia zake. Msonobari ni laini, hukubali randa ya mwanafunzi, lakini una vifundo na utomvu. Mvinje una harufu nzuri na nyuzi zilizonyoka, tena wadudu hauupendi upesi. Gereveliya ina madoa mazuri kama kazi ya lesi, na kwa maoni yetu ndiyo inayodharauliwa bila sababu. Inturusu ndiyo ya bei ya chini na ndiyo yenye nguvu; lakini ni nzito, hupasuka, na hujipinda.

Katika hili la mwisho tunasema kwa ushahidi wa maumivu. Tuliwahi kununua mbao za inturusu zilizopasuliwa wiki ileile, tukatengeneza rafu ya vitabu kwa ajili ya darasa la Kiswahili, tukaisifu sana. Baada ya miezi miwili kamusi zilikuwa zimeteremka upande mmoja kama abiria katika basi lenye gurudumu bovu. Wahenga walisema samaki hukunjwa angali mbichi. Ubao mbichi hujikunja wenyewe. Hapo tulijifunza kwamba bei ndogo ya inturusu ni nusu ya bei yake, na nusu ya pili hulipwa kwa subira. Mbao mbichi hupangwa mahali penye paa na upepo, zikiinuliwa kutoka chini, na kati ya kila safu huwekwa vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Ncha zake hupakwa rangi zisipasuke. Juu kabisa huwekwa mawe. Kisha huachwa miezi mingi. Muuzaji hana nafasi wala fedha za kungoja hivyo, ndiyo sababu ubao mkavu ni ghali. Kijana mwenye uga mdogo nyuma ya nyumba ya mamaye anacho kitu ambacho mfanya biashara hana.

Majira nayo yana neno lake. Katika itumba, mvua kubwa za Machi hadi Mei, njia za udongo za milimani huwa utelezi na malori hayapandi kirahisi. Katika impeshyi, kiangazi cha Juni hadi Agosti, mbao hufika kwa wingi na hukauka vizuri zaidi. Tena vijana wawili watatu wakichanga fedha wanaweza kununua mti mzima wa gereveliya kwa mkulima nje ya mji na kuwalipa wapasuaji, badala ya kununua ubao mmojammoja Gisozi. Lakini kwanza waulize kibali: sheria ya Rwanda hairuhusu miti ya msitu ikatwe wala mbao zisafirishwe bila ruhusa, hata mti ukiwa wa mkulima mwenyewe. Pia wasisahau kwamba ubao wa msumeno wa mkono hauna unene sawa, na sehemu yake itaishia kwenye randa; anayelinganisha bei alinganishe ubao uliokwisha kusawazishwa.

Vipande ni habari nyingine. Ghala za wafanya biashara hutupa majukwaa ya mbao yanayobeba shehena kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Mengi ni ya msonobari mkavu kabisa, ingawa kung'oa misumari yake kwataka moyo. Na huko Gisozi, jioni, karakana zinapofagiliwa, hubaki mabanzi na vipande vya mvinje vya urefu wa mkono, ambavyo kwa kawaida huenda jikoni kuwa kuni. Mwenye kuamkia wakubwa kwa heshima na kusaidia kufagia huvipata kwa bei ya kuni hizo. Havitoshi meza, vyatosha kigoda, sanduku dogo, fremu ya picha, na viungo mia vya kujifunzia. Tunamjua kijana mmoja wa Biryogo aliyeanza hivyo, na sasa mbao zake za inturusu zimelala chini ya mabati nyuma ya nyumba yao, zikingoja impeshyi ya pili.