Kabla ya kuuliza "ina baa ngapi?": historia fupi ya maji yenye presha, kwa wafanya usafi wa Kibaha na Kisarawe

Tuseme una kampuni ndogo ya usafi pale Kibaha Maili Moja. Mnadeki ofisi, mnaosha masofa na mazulia, mnafuta vioo. Siku moja mteja anakuuliza: "Na pevingi za nje je? Na huu ukuta wa uzio uliojaa ukungu?" Unaona kazi hiyo ina hela. Unashuka Kariakoo, muuzaji anakuwekea mashine mbili mbele yako: "Hii baa 130, hii baa 200. Chukua ya 200, ndiyo kiboko."

Baa hapa si ile ya bia. Ni kipimo cha presha, na baa moja inakaribia sana presha ya hewa inayotuzunguka. Muuzaji hajakudanganya kuhusu namba. Tatizo ni kwamba amekupa namba moja ya mashine yenye namba nyingi, na mtaji wako ni wa mara moja. Ukikosea, mashine inakaa stoo na mkopo wa kikoba unaendelea kudai.

Mashine hii haikubuniwa na mtu mmoja kwa siku moja. Ilijengwa kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 300, na kila hatua ilitatua shida yake. Ukizijua hizo shida, utajua cha kuuliza dukani.

Shida ya kwanza: kuvuja

Katikati ya karne ya 17, Mfaransa Blaise Pascal alieleza jambo linaloonekana dogo: ukibana kimiminika kilichofungiwa, presha husambaa sawasawa pande zote. Mwaka 1795, fundi Mwingereza Joseph Bramah alilitumia wazo hilo akapata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa maji. Pistoni ndogo inasukuma maji, pistoni kubwa inanyanyua mzigo mzito.

Kwenye karatasi ilikuwa safi kabisa. Kwenye karakana, ilivuja. Presha ikipanda, maji yanapenya pembeni ya pistoni. Ukikaza sana ili yasipenye, pistoni inakwama. Suluhisho lilikuwa kipande cha ngozi chenye umbo la kikombe, na kwa kawaida sifa yake hupewa Henry Maudslay, aliyekuwa fundi katika karakana ya Bramah. Ukingo wa ngozi ile ulisukumwa na maji yenyewe: presha ikiongezeka, nayo inabana zaidi. Presha ikishuka, inalegea na pistoni inateleza.

Ngozi ile ndiyo babu wa sili za mpira zilizo ndani ya mashine ya leo, na bado ndiyo sehemu inayochoka mapema. Kwa hiyo swali lako la kwanza dukani si baa. Ni hili: "Sili na vali zake zinauzwa wapi, na fundi gani anaifungua?" Mashine nyingi za bei nafuu zina pampu yenye kisahani kilicholala upande, kinachosukuma pistoni ndogo kikizunguka. Ni nyepesi, lakini nyingi hazikutengenezwa zifunguliwe mara kwa mara. Pampu za kazi nzito zina pistoni tatu zinazoendeshwa na shafti kama ya injini ya gari, zina oili ya kubadilisha, na sili zake hutolewa na kuwekwa mpya. Kama utaosha uwanja mmoja kwa wiki, ya kwanza inatosha. Kama una mkataba wa kila siku na shule au kituo cha mafuta, ya kwanza haitakufikisha mbali.

Shida ya pili: kuhamisha uchafu

Mwaka 1853, mchimba dhahabu Edward Matteson huko California aliunganisha mpira wa turubai na pua ya shaba, akaelekeza maji kwenye kilima. Kilima kikaanza kuporomoka. Wachimbaji wenzake wakaiga, wakachimba mifereji mirefu ya kuleta maji kutoka juu milimani. Maji yenyewe yalipata presha kwa kushuka. Kilichowapa nguvu ya ajabu ni wingi: maji mengi mno kwa dakika moja.

Hapa ndipo fizikia inapoingia. Kazi ya maji ina pande mbili. Presha inaamua maji yatoke kwa kasi gani, na kasi hiyo ndiyo inayobandua uchafu. Kwa baa 100, maji hutoka kwenye nozeli kwa takriban mita 141 kwa sekunde, yaani kama kilomita 500 kwa saa. Treni ya SGR inayopita Soga imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa, kwa hiyo zidisha mara tatu. Lakini uchafu ukishabanduka lazima usombwe, na hiyo ni kazi ya ujazo: lita ngapi kwa dakika. Mashine ya presha kubwa na maji kiduchu inachora mistari kama kalamu. Utamaliza uwanja wa shule jioni.

Kumbe vyote viwili vinagombania umeme uleule. Nguvu ya maji ni presha mara ujazo. Baa 150 kwa lita 8 kwa dakika ni wati 2,000 za maji. Ongeza zinazopotea kwenye mota na pampu, unafika kama wati 2,500. Soketi ya kawaida ya ukutani ina ukomo wa ampea 13, ambazo kwa volti 230 ni takriban wati 3,000. Maana yake ni kwamba mashine yoyote ya kuchomeka kwenye soketi, ikikuahidi baa 200, lazima ipunguze lita. Haina pa kuzitoa. Angalia pia kibandiko chake: mara nyingi kinaonyesha presha ya juu kabisa na presha ya kufanyia kazi. Wewe soma ya pili.

Injini ya petroli ya nguvu za farasi 6.5 ni kama wati 4,800. Hata ukitoa hasara, inakupa presha na lita kwa pamoja, na haitegemei TANESCO. Ila ina kelele, ina moshi, na haiwashwi ndani ya ukumbi uliofungwa. Kwa anayeanza na pevingi, kuta na magari, mashine ya umeme ya baa 120 hadi 150 yenye lita 8 au zaidi kwa dakika ni mwanzo wa akili.

Shida ya tatu: mafuta na grisi

Maji baridi na grisi hayapatani, hata uyapige presha gani. Mwaka 1926, Mmarekani Frank Ofeldt alitengeneza mashine ya kusafisha kwa mvuke, na gereji zikaipenda. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Mjerumani Alfred Kärcher aliunganisha joto na pampu, na mwaka 1950 akatoa mashine ya kwanza ya Ulaya ya kuosha kwa maji moto yenye presha. Ilikuwa kubwa na nzito. Ilichukua hadi mwaka 1984 kampuni hiyo kutoa mashine ndogo ya kubeba kwa mkono, na hapo ndipo mashine za presha zikaingia majumbani.

Je, ununue ya maji moto? Bado. Mwaka 1959, mkemia Mjerumani Herbert Sinner alionyesha kwamba usafi wowote unategemea mambo manne: kemikali, nguvu ya kusugua, joto na muda. Ukipunguza moja, lazima uongeze jingine. Wewe tayari una kampuni ya usafi. Sabuni unazo, brashi unazo, na vijana wanajua kusubiri dawa ifanye kazi. Pakaa sabuni ya kukata mafuta, iache dakika kumi bila kukauka, sugua, ndipo upige maji. Umefidia joto kwa kemikali na muda, na hujatoa hata shilingi ya boila.

Shida ya nne, ya kwetu: maji yenyewe

Historia ya Ulaya na Marekani huwa inachukulia kwamba bomba linatoka maji. Ya kwetu inaanzia hapo.

Mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini ukafuata mwaka 1976. Yote inachota mto mmoja, unaotoka Milima ya Uluguru. Mabomba ya Ruvu Juu yanapita Kibaha kuelekea Dar es Salaam. Kisarawe, ambayo iko juu kwenye vilima, ilikaa muda mrefu bila maji ya uhakika, hadi mradi wa kuyasukuma kutoka Kibamba ulipozinduliwa mwaka 2020. Na mwishoni mwa mwaka 2022 ukame uliushusha mto Ruvu, DAWASA wakatangaza mgao.

Sasa piga hesabu. Lita 8 kwa dakika ni lita 480 kwa saa. Dumu la lita 20 linakwisha kwa dakika mbili na nusu. Simtanki la lita 1,000 linakupa saa mbili za kubonyeza bunduki. Mashine ya lita 15 kwa dakika inalimaliza kwa saa moja na dakika chache. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni tangi, tena kabla ya mashine. Kumbuka lita 1,000 ni tani nzima. Kwa guta la matairi matatu, chukua tangi la lita 500 na ulifunge vizuri, hasa ukipanda vilima vya Kisarawe.

Liweke tangi juu kuliko mashine, na mpira wa kuingiza maji uwe mnene. Pampu ikikosa maji ya kutosha, ndani yake hutokea viputo vinavyopasuka kwa nguvu na kula chuma taratibu. Mashine inaanza kutetemeka, sauti inabadilika, watu wanasema ni feki. Sio feki, ina kiu. Weka na chujio, kwa sababu chembe ya mchanga ikipita inachana sili, na tumeshaona sili ni nini.

Mto wa chini unakumbuka

Turudi California kidogo. Tope la wachimbaji liliteremka mitoni, likafunika mashamba ya bondeni na kuongeza mafuriko mijini. Wakulima wakaenda mahakamani. Januari 1884 Jaji Lorenzo Sawyer akazuia umwagaji wa tope lile, na uchimbaji wa aina ile ukaporomoka. Mashine zilikuwa bado nzima. Kilichoshindikana ni maji machafu.

Mto Msimbazi, unaofurika Jangwani kila mvua zikizidi, unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Mchanga, oili na sabuni unavyosukumia mtaroni Kisarawe vina njia ya kufika kwa mtu wa bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, lakini hata bila kusubiri mkaguzi, fagia mchanga kwanza, kusanya oili kwa pumba za mbao, na elekeza maji kwenye majani au shimo la kuchujia, si kwenye mfereji.

Kwa hiyo, ununue kwa mpangilio gani?

1. Tangi, mpira mnene na chujio.
2. Mashine: uliza vipuri, kisha lita kwa dakika, kisha presha ya kufanyia kazi. Baa za kwenye boksi zije mwisho.
3. Nozeli za upana tofauti. Kwa kawaida nyekundu hutoa mshale mmoja, njano nyuzi 15, kijani 25, nyeupe 40. Anza na nyeupe, sogea taratibu. Kijani kwa umbali wa sentimita 30 inafunika upana wa kama sentimita 13. Nyekundu inatoboa rangi na kung'oa mchanga kati ya pevingi, iache kwenye boksi.
4. Waya wa kuongezea wenye unene wa milimita za mraba 2.5, na kikata umeme kinachozima ukivuja. Waya mwembamba wa mita 25 unapoteza volti zaidi ya kumi, unachemka, na mota inaumia.
5. Buti, miwani, glavu. Kandambili hapana. Maji haya hupenya ngozi, na tundu dogo kama la sindano linaweza kuficha madhara makubwa ndani. Ni la kukimbiza hospitali hata kama haliumi. Usipande ngazi na bunduki mkononi: inarudisha nyuma kwa nguvu, na ngazi haikusubiri.

Na kazi moja ukatae, hata mteja aongeze dau: paa za zamani za asbesto. Presha inachomoa nyuzi zake ambazo hazionekani kwa macho, nazo zikikauka hupeperuka na kuingia mapafuni mwa vijana wako na majirani. Madhara yake huweza kuja baada ya miaka mingi, mkataba ulishasahaulika.

Basi ukirudi Kariakoo, muuzaji akikuambia "hii ndiyo kiboko", mwulize: lita ngapi kwa dakika, na sili zake nazipata wapi? Akijibu vyote viwili bila kubabaika, hapo mnaweza kuanza kuongea bei.