Roça Sundy, Príncipe: Hapa Nuru Ilipimwa

Umesimama kwenye shamba la kakao la enzi ya Wareno. Waliolihudumia ni vibarua wa mkataba walioletwa kutoka Angola na kwingineko, nao wanastahili kutajwa kwanza.

Mei 29, 1919, mwanafalaki Arthur Eddington na fundi saa Edwin Cottingham walisubiri hapa kupatwa kwa jua. Walikuja kupima umbo la anga.

Kwa zaidi ya miaka 2,000, jiometri ya Euclid ilichukuliwa kuwa ndiyo ya ulimwengu wenyewe. Mwaka 1854 Bernhard Riemann alionyesha kwamba anga linaweza kuwa na mpindo. Mwaka 1908 Hermann Minkowski aliunganisha anga na wakati. Kisha, mwaka 1915, Albert Einstein akakamilisha nadharia ya uhusianifu: uzito wa jua hupinda anga na wakati, na nuru ya nyota inayopita kando yake hupinda kwa sekunde 1.75 za pembe, mara mbili ya hesabu iliyotokana na Newton.

Asubuhi ya siku ya kupatwa, mvua kubwa ilinyesha. Giza la kupatwa, linaloruhusu nyota za kando ya jua kuonekana, lilidumu dakika 5 hivi, mawingu yakipita mbele ya jua. Kioo kilichozungushwa na mtambo wa saa kilielekeza nuru kwenye darubini, zikapigwa picha 16. Mabamba 2 tu ndiyo yaliyofaa, kila moja likiwa na nyota 5. Kipimo: sekunde 1.61 za pembe. Wenzao waliokuwa Sobral, Brazili, walipata 1.98. Matokeo yalitangazwa London, Novemba 6, 1919.