Vidole vya Kukhu

Tulipomzika Kukhu hapa Busia mwaka 2019, mjomba wangu alisema neno ambalo bado linanikera: "Hao watu wa hospisi walifanya nini? Si alikufa tu." Nilikuwa nimetoka tu kuacha chuo, kila mtu bomani ananiona bure, nikanyamaza. Mjomba, jibu lako hili hapa.

Hospitali ya kawaida unaweza kuipima kwa kuhesabu waliopona. Hospisi je? Karibu wagonjwa wake wote hufa. Cicely Saunders alifungua St Christopher's kule London mwaka 1967, na daktari wa akili Colin Murray Parkes akawa anawauliza wafiwa: mgonjwa wenu aliumwa kiasi gani? Nyinyi mlikuwa na hali gani? Kisha akalinganisha na waliofia hospitali za kawaida. Ujanja mzuri, lakini anayejibu ni aliyebaki, si aliyeumwa.

Kwetu Nairobi Hospice ilianza 1990. Mwaka 1993 Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda kule Kampala, na mofini ya maji ya bei nafuu ambayo mgonjwa anakunywa akiwa kwake. Kufikia 2004, ng'ambo ya geti letu tu hapa, Uganda ilikuwa imeruhusu manesi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini wenyewe. Sisi bado tunajisifu tu ati boda boda ilizaliwa Busia.

Halafu chama cha huduma shufaa cha Afrika, APCA, kikatunga kipimo chetu. Maswali 10: 7 ya mgonjwa, 3 ya anayemuuguza. Siku 3 zilizopita umeumwa vipi? Una wasiwasi? Una amani? Na huhitaji kujua kusoma, unaweza kujibu kwa mkono. Kwa maumivu, ngumi ni sufuri, vidole vitano ni yale mabaya kabisa. Mwaka 2010 ukachapishwa utafiti wa kukihakiki kipimo chenyewe, kwa wagonjwa wa Afrika Kusini na Uganda.

Nesi alimuuliza Kukhu hivyo hivyo. Mara ya kwanza alinyoosha vinne. Wiki moja ya mofini, viwili. Mjomba, hiyo ndiyo kazi waliyofanya.

Lakini sitakudanganya kuwa hesabu ni safi. Nani atamwambia nesi aliyekuja na boda kwenye matope kwamba dawa yake haifanyi kazi? Na huwezi kupiga kura nusu ya wagonjwa wanyimwe mofini ndio ulinganishe. Tena walio hoi zaidi hufa kabla ya kuulizwa mara ya pili, kwa hivyo wanaobaki kwenye karatasi ni wale wenye nafuu, na matokeo yanapendeza kuliko ukweli.

Jumamosi ya mwisho Kukhu hakuweza kuinua mkono. Nesi akatugeukia sisi. Mama akasema vitatu. Mimi, niliyelala kando yake usiku kucha, ningesema kimoja. Karatasini iliandikwa tatu, na mpaka leo mimi na Mama hatujakubaliana.